Glavu za kazi: geji 7, 10, 13, 15 ama 18, uchukue gani?

Ukienda kununua glavu za kazi huku Lubumbashi, ikuwe mu depo ya vifaa ama ku zile meza za soko ya komine ya Kenya zenye wanazimwaga juu ya shitingi, uliza muuzaji ile ya nguvu ni gani, atakupa ile nene. Karibu kila mara. Anaifinya mu mukono wake, anakuonyesha vile imejaa, anasema hii njo ya kazi. Na mutu analipa, anaenda nayo ku garaji, anashindwa kushika bulo ndogo, anaitoa, anaiweka mu mufuko wa nyuma, anamaliza kazi na mikono wazi. Mi naona shida haiko ku mutu, shida ni kwamba unene na nguvu ni vitu viwili tofauti na hakuna mutu anamuambia.

Basi tuanze na ile namba. Geji ni hesabu ya sindano zenye ziko ku mashini ya kufuma mu nafasi ya inchi moja, sentimita 2,54. Mashini ya geji 7 iko na sindano 7 mu ile nafasi, ya geji 13 iko na 13, ya 18 iko na 18. Sindano zikiwa chache zinapokea uzi munene, zikiwa mingi zinabanana na uzi lazima ukuwe mwembamba. Fikiria wavu wa kapenta na wavu wa samaki kubwa. Kwa hiyo namba ikipanda, glavu inakuwa nyembamba, na watu wengi wanaisoma kinyume, wanazani 18 ni nzito kuliko 10. Ku mapaketi ya Kifaransa utasoma jauge 13, ku zile za China mara mingi paka 13G, ni kitu kimoja. Mashini zenyewe zinafuma mukono muzima kidole kwa kidole bila mushono, na kampuni ya Shima Seiki ya Wakayama kule Japani, ilianza 1962, ni kati ya zile zilijijengea jina mu iyo kazi.

Na kama glavu imeuzishwa bila paketi, vile inakuwaka mingi ku soko? Angalia mugongo wa mukono, pale hakuna mupira. Utaona mistari ya kufuma inasimama wima, inatoka ku kifundo kwenda ku vidole. Weka rula, hesabu mistari mu sentimita mbili na nusu. Hautapata namba ya geji kamili, juu kitambaa kikitoka ku mashini kinajikunja kidogo, lakini ukiweka glavu mbili kando kando utajua mara moja ile ya 7 na ile ya 13. Hata macho peke yake inatosha: ya 7 unaona kila uzi, ya 18 inafanana na soksi ya kuvaa na viatu vya ofisi.

Sasa tulinganishe, na nitalinganisha mbili mbili juu hivyo njo mutu anachagua kwa kweli, anashika moja huku na ingine huku.

Geji 10 ya lateksi na geji 13 ya nitrili

Lateksi ni mupira wa asili, nitrili ni mupira wa kutengeneza wenye unavumilia mafuta. Hizi njo zenye zinagombana zaidi kwa wale wa shantye. Ya 10 ni ile ya pamba na poliesta, kiganja kimepakwa lateksi yenye mikunjo mikunjo, mara mingi rangi ya chungwa ama ya kijani, inashika tofali vizuri, inashika hata jiwe lenye limeloana mu masika. Ni nene kwa hiyo ncha za tofali hazikuumize haraka, na mu baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba utaifurahia. Ya 13 ni nyembamba, kiganja kimepakwa nitrili, na vidole vinajikunja bila kupigana na wewe.

Kwa kubeba matofali, mbao, mawe, mifuko ya simenti, mi nachukua ya 10 bila kufikiri mara mbili, unene unasaidia pale juu kazi ni kufinywa na kukwaruzwa siku muzima na hakuna kitu ndogo ya kushika. Lakini hapa kuna mambo mbili. Ya kwanza, lateksi na mafuta haviendane: grisi, mazutu, oili ya mutore, vyote vinaifanya ivimbe na ilainike mpaka inaanza kutoka vipande vipande, kwa hiyo glavu ya masoni usiipeleke ku garaji. Ya pili ni simenti ya maji. Simenti mbichi inakula ngozi, ni kali upande wa alkali kama vile asidi ni kali upande wake, pH yake (kile kipimo cha asidi na alkali) inafika 12 mpaka 13, na glavu yenye imepakwa paka ku kiganja inaiachilia ipite ku mugongo, inaingia mu nyuzi, inakaa pale juu ya ngozi yako masaa na masaa. Hapo glavu ya kufuma ni mbaya kuliko kukosa, juu ukiwa na mukono wazi unanawa, ukiwa na glavu unasahau. Kwa kuchanganya na kupaka simenti tafuta ya mupira muzima mpaka ku kifundo. Kwa kubeba, ya 10.

Geji 7 nimeiruka karibu kwa makusudi. Ni ile ya uzi munene mweupe, mara ingine na madoa madoa ya plastiki ku kiganja. Bei yake ni ya chini, inapitisha hewa, ni nzuri kwa kupakua sanduku mu kamyo. Ikiloana inakunywa maji yote na inakuwa nzito. Zaidi ya hapo sina mingi ya kusema.

Geji 13 na geji 15, zote za nitrili

Hapa njo kwa mekanisie. Ukizivaa bila kuangalia hautaona tofauti kubwa, lakini shika bulo ya 10 na uipeleke mahali macho haifike, nyuma ya mutore, njo utaelewa. Ya 15 mara mingi ni nailoni yenye imechanganywa na uzi wa kuvutika, kwa hiyo inakamata kidole bila kuacha nafasi ku ncha. Ile nafasi ku ncha ya kidole njo inafanya mutu aangushe vise. Ya 13 mara mingi ni poliesta, iko na mwili zaidi, inavumilia siku mingi, na kama kazi yako ni kutoa pine, kubeba betri, kusukuma mutore ku kamba, sioni faida ya kulipia 15.

Lakini usiangalie paka geji, angalia vile nitrili imepakwa, juu hapo tofauti ni kubwa kuliko kati ya 13 na 15. Nitrili laini yenye inangaa inazuia mafuta yasipite, lakini chuma chenye mafuta kinateleza ndani yake. Nitrili ya povu iko na vitundu vidogo vidogo vyenye vinanyonya ule utelezi wa juu, kwa hiyo inashika vizuri chuma chenye kiko na mafuta kidogo, ila mafuta ikiwa mingi inaingia polepole. Ile ya muchanga muchanga, ukiigusa unaona kama karatasi ya kusugulia, njo inashika zaidi wakati vitu vimeloana mafuta. Kuna zenye wamepaka mara mbili, chini laini muzima, juu muchanga, hizo njo mi napendea garaji hata kama zinakuwa moto kidogo mu joto ya mwezi wa kumi. Geji 15 yenye imepakwa mbovu ni hasara kuliko 13 yenye imepakwa vizuri.

Na kuna PU, ile poliyuretani, ngozi nyembamba sana ya kijivu ama nyeusi, mara mingi juu ya 13 ama 15 ama 18. Inashika vitu vikavu vizuri na haiongeze unene. Mafuta mingi apana.

Geji 13 na geji 13

Ndiyo, namba moja. Hii njo sehemu yenye nataka mutu wa mabati, mutu wa kukata vioo na mutu wa kufungua vyuma vya zamani asome polepole.

Chukua glavu mbili za geji 13, zote nyeusi ku kiganja, zote nitrili, unene ni ule ule. Moja ni poliesta. Ingine ni ya uzi wenye wanaita HPPE, ni plastiki ya familia moja na mifuko ya duka lakini imevutwa mpaka nyuzi zake zimejipanga upande mumoja, na mara mingi wamesokota ndani yake uzi wa kioo ama wa chuma. Ukizipima kwa vidole hautaona kitu. Ukipitisha kando ya bati ya chuma juu yake, ile ya poliesta inafunguka, na ndani kuna kidole chako.

Tofauti iko ku kile kipicha cha nyundo mu ngao, chenye kimechapwa ku mugongo wa mukono, na chini yake namba nne na herufi. Ni kanuni ya Ulaya, EN 388, ile ya sasa inatoka 2016. Ya poliesta itasema kitu kama 4131X. Ya HPPE itasema kitu kama 4X43D. Soma hivi: namba ya kwanza ni kukwaruzwa, mwisho 4, na kufika 4 ni kusema ilivumilia mizunguko 8000 ya kusuguliwa. Ya pili ni kukatwa na kisu cha duara chenye kinazunguka, mwisho 5. Ya tatu kupasuka, mwisho 4. Ya ine kutobolewa, mwisho 4. Halafu herufi, kutoka A mpaka F, ni kukatwa tena lakini kwa kisu kilichonyooka chenye kinapita mara moja na uzito juu yake: A inaanza ku niutoni 2 (niutoni ni kipimo cha nguvu ya kubonyeza), C ku 10, D ku 15, F ku 30. X ni kusema hawakupima.

Kwa nini mara mbili kukatwa? Juu kile kisu cha duara kikikutana na uzi wa chuma ama wa kioo kinapoteza makali, na namba inapanda ya uongo. Njo maana ku glavu za kweli za kukata utaona X pale pa pili na herufi ku mwisho, na hiyo herufi njo ya kuamini. Mutu akiona X anazani ni mbaya, apana, mu ile nafasi inaweza kuwa alama nzuri. Lakini X ikiwa ku herufi, kama ile 4131X, na ya pili ni 1, basi hiyo haina kitu ya kukuambia juu ya kukatwa, ni glavu ya kubeba.

Na 4 ya mwanzo, ile ya kukwaruzwa? Wauzaji wanaionyesha sana. Mutoto wa duka anaweka kidole pale anasema ona, nne, ni ya mwisho. Ni nne kweli. Ya kusuguliwa.

Kingine: hizo namba zote zinapimwa ku kiganja. Ile ya kutobolewa wanatumia chuma chenye ncha butu, unene wa milimita 4,5, si sindano, kwa hiyo hata 4 ku kutobolewa haizuie waya nyembamba ya kamba ya chuma yenye imefunguka, na wale wa kuchambua vyuma vya zamani wanajua zile waya vizuri. Geji ya juu inasaidia kidogo hapo juu mistari inabanana, lakini kidogo tu, usiitegemee.

Mu mapaketi yenye yanafwata kanuni ya Marekani utaona A1 mpaka A9, hiyo ni ANSI, na ni kukatwa peke yake, inahesabiwa kwa gramu: A4 inaanza ku 1500, ambayo iko karibu na D ya Ulaya. Usichanganye A ya Ulaya, yenye ni ya chini kabisa, na A4 ama A6. Nimesikia mutu anauzisha glavu yenye iko na A mwisho, anasema ni daraja A. Ni daraja ya mwisho kwa chini.

Kwa mutu wa mabati ya nyumba mi naona C inatosha kama unabeba na kupanga, D kama unakata na kukunja. Kioo, anzia D. Kisu cha jikoni ama cha muchinja nyama ni hadithi ingine.

Geji 13 na geji 18, zote za kuzuia kukatwa

Zamani ilikuwa lazima kuchagua: unataka ulinzi, vaa nene. Uzi ulipoboreka, wakaanza kuweka waya ya chuma nyembamba sana, ama tungsteni, ndani ya uzi wa HPPE, wakaweza kufuma 18, hata 21, na herufi ikabaki D ama zaidi. Kwa hiyo leo unaweza kukuta glavu ya 18 nyembamba kama soksi yenye inashinda kwa kukatwa glavu ya 7 ya pamba yenye unene mara tatu. Ukimuonyesha mutu wa soko anakataa.

Je ununue 18? Kama unashika vise ndogo, vipande vya umeme, vioo vya telefone, ama kazi ya kupanga vitu vidogo vyenye makali siku muzima, ndiyo, juu hautaitoa mukononi. Kama unabeba bati kutoka ku kamyo mpaka ku paa, apana, chukua 13 yenye herufi ile ile. Uzi mwembamba unaisha haraka, na ncha ya bati inapobonyeza, ile 13 iko na nyama kidogo ya kupokea. Bei pia: kwa herufi sawa, ya 18 karibu kila mara inazidi, na kwa wale wa kununua glavu za watu wengi mu kampuni, hiyo tofauti inaonekana mwisho wa mwezi.

Kuna pia aramidi, watu wanaijua kwa jina Kevlar, ilitoka ku kazi ya Stephanie Kwolek ku DuPont mu 1965. Rangi yake ni ya manjano. Mu kukatwa haiachane sana na HPPE, ila mu moto ni vingine kabisa. HPPE inayeyuka karibu na digrii 145 hivi, na ikiyeyuka inashikana na ngozi. Aramidi haiyeyuke, inaungua na kuwa makala ku joto ya juu sana. Kwa hiyo bati yenye umetoka kuikata na diski na bado iko moto, ama sufuria za aluminiumu zenye wanamwaga mu mitaa, usiziguse na HPPE hata kama imeandikwa F. Angalia alama ya moto, kanuni EN 407, namba ya pili mu zile namba ni ya kugusa kitu moto: 1 ni digrii 100, 2 ni digrii 250, kwa sekunde 15. Ubaya wa aramidi ni jua na javeli. Ukiianika juani kila siku inapoteza nguvu, ukiifua na javeli unaiua mara moja, na haionekane kwa macho.

Mahali geji haina kazi

Mashini yenye inazunguka, tur ya kuchonga vyuma, mashini kubwa ya kutoboa: usivae glavu ya kufuma hata ya 21. Uzi ukishikwa unavuta kidole, kidole kinavuta mukono. Kuchomelea vyuma ni ngozi, haina majadiliano. Asidi ya betri, ama kama unafanya mu viwanda vya shaba na kobalti kule wanatumia asidi ya sulfuriki, tafuta glavu nzima ya kemikali yenye EN ISO 374, juu ya kufuma iko na mugongo wazi na ina nyuzi zenye zinabeba ile asidi. Umeme nao iko na glavu zake za mupira zenye zinapimwa kwa volti, ile ya klasi 00 mpaka volti 500, klasi 0 mpaka 1000. Nitrili ku kiganja si ulinzi wa umeme, na nyuzi zenye waya ya chuma ndani hata usifikirie.

Taye, juu wengi wanaiharibu hapa

Unaweza kuchagua geji vizuri, ukachukua taye (ukubwa wa glavu) mbaya, na yote ikapotea. Zungusha kamba ku kiganja pale vidole vinaanzia, bila kidole gumba, halafu pima ile kamba. Sentimita 20 ni 8, karibu 23 ni 9, karibu 25 na nusu ni 10. Ku soko wanapenda kuleta 10 peke yake juu wanasema inaingia kila mutu, na inaingia kweli, lakini ile nafasi ku ncha ya kidole inafanya ya 15 ishike vibaya kuliko ya 10 yenye inakutosha. Kwa wamama na vijana wenye mikono midogo, kama hakuna taye yako, chukua geji ya juu yenye uzi wa kuvutika, hiyo angalau inajikamata.

Na kama pesa ni ya jozi moja tu na kazi yako ni ya kubadilika, leo kubeba, kesho kurekebisha pikipiki, mi ningesema 13, nitrili ya muchanga, taye yako kamili, na herufi B ama C kama unaipata. Ikiwa kazi iko na makali kila siku, punguza ku vingine lakini ku herufi usipunguze. Kwa fundi wa telefone, 18 ya PU, na ununue mbili mara moja juu ya kwanza itatoboka ku ncha ya kidole gumba kabla ya vidole vingine kuonyesha kitu.